Mshiko wa mkono uliolowa

Mzee mmoja mvuvi wa Kayenze, hapa Mwanza, aliniletea mkono wa kuongozea injini ya mtumbwi wake, akaniomba nimtengenezee mshiko mpya. Ule wa zamani alikuwa ameuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira ulikuwa umelainika kwa petroli na utelezi wa samaki, na pale kidole gumba kinapokaa ulikuwa umechanika hadi bomba likaonekana. Nikamwuliza kwa nini asitafute mshiko wa plastiki dukani. Akanyoosha kiganja chake mbele yangu, kimejikunja kidogo kama bado kimeshika kitu.

"Fundi, mkono huu usiku kucha haukauki. Plastiki ikilowa inanikimbia. Nifanyie chuma chenye meno."

Chuma chenye meno ndiyo nalingi. Ni ile michoro ya mistari inayopishana ikaacha vialmasi vidogo vidogo. Utaiona kwenye mpini wa soketi, kwenye mikromita, na kwenye pini za kushikia vyombo vingi vya fundi. Mimi niliijua kwanza kwenye kifuniko cha tangi la karabai ya baba, ambacho ungeweza kukifungua hata vidole vikiwa vimejaa mafuta ya taa. Watu wengi wanadhani ni urembo. Mtu anayeishi kwa ziwa hawezi kudhani hivyo.

Nina mashine ndogo ya kukereza vyuma nyumbani Nyakato, katika chumba kilichokuwa stoo. Ni ya Kichina, uzito wake karibu kilo 40, ya aina inayokaa juu ya meza. Nimeshakereza juu yake bushi, pini na puli ndogo kwa miaka kadhaa bila tatizo kubwa. Nalingi ndiyo kazi iliyonishinda kwa muda mrefu kuliko zote, na nataka kueleza kwa nini, maana sababu zenyewe zinaonekana kwa macho ukizijua.

Mashine ilikuja na kifaa chake cha nalingi. Kilikuwa kipande cha chuma chenye kichwa kinachocheza na vigurudumu viwili vilivyopandana, kimoja meno yake yameinamia kushoto na kingine kulia. Unakifunga mahali pa kisu, unawasha mashine, unakisukuma kwenye chuma kinachozunguka. Nikafunga nondo laini ya milimita 25, nikaisafisha kwa msasa tu, nikasukuma. Mashine nzima ikatetemeka. Nikaongeza nguvu. Nondo ikaanza kukwepa upande wa pili, sleji, kile kitelezi kinachosogeza kisu kwenda kwenye kazi na kurudi, ikarudi nyuma kwa ulegevu wake wote, na kilichotoka kilikuwa ukwaruzo mtupu. Ukipitisha ukucha juu yake haukamati popote. Nikarudia mara tatu, nne. Mara ya mwisho nikashika kichwa cha mashine, upande wa beringi, nikakuta pamepata moto.

Tatizo la kwanza liko hapo. Nalingi ya kawaida haikati chuma, inakikandamiza. Meno ya kigurudumu yanazama, na chuma kinachokosa pa kwenda kinapanda juu katikati ya meno. Kukandamiza chuma kunataka nguvu kubwa kuliko kukikata. Kifaa cha kusukuma kinatoa nguvu hiyo upande mmoja tu, kwa hiyo yote inapita kwenye nondo, inaingia kwenye shafti kuu, inaishia kwenye beringi. Mashine ndogo kama yangu nyingi zinatumia beringi namba 6206, za gololi za kawaida: ndani milimita 30, nje 62, unene 16. Beringi ya namna hiyo inazunguka vizuri, lakini haikuwekwa pale ipokee msukumo wa kukandamiza chuma kwa dakika nzima. Mashine kubwa za karakana hazijali. Hizi zetu zinajali sana, na ukiendelea utasikia sauti yake ikibadilika.

Nilikwenda kwa mzee mmoja jirani, mkerezaji mstaafu, nikiwa na ile nondo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?"

Akaichukua, akaizungusha taratibu mbele ya dirisha, akaipitishia ukucha kama nilivyofanya mimi. Kisha akauliza neno moja: "Ulihesabu?"

Sikuelewa.

"Meno ya kigurudumu. Ulihesabu? Na hii nondo uliikereza kwanza, au uliichukua kama ilivyotoka dukani?" Nilipomwambia ilitoka dukani, akatikisa kichwa. "Na mashine yako nyepesi usiisukume. Ibebeshe kifaa kinachobana."

Mambo mawili katika pumzi moja. Nilianza na la pili kwa sababu lilikuwa la kununua, na kununua ni rahisi kuliko kuhesabu.

Kifaa kinachobana kina mikono miwili kama koleo, kigurudumu kimoja juu na kingine chini, na bolti ya kuikaza mikono hiyo. Nondo inapita katikati. Nguvu ya kigurudumu cha juu inakutana na ya kile cha chini, zinamalizana humo humo ndani ya kifaa, beringi haipati kitu cha maana. Kama mashine yako ni ya mezani, nunua hiki na usipoteze fedha kwenye kile cha kusukuma hata kikiwa rahisi mara tatu. Kile cha kusukuma kina nafasi yake kwenye mashine nzito na kwenye kazi za kipenyo kikubwa ambazo mikono ya koleo haizifikii. Kuna pia aina ya tatu, ambayo inakata badala ya kukandamiza. Inafaa kwa chuma cha kumimina (kast aini), ambacho kikikandamizwa kinabomoka, na kwa mabomba membamba, lakini bei yake na usahihi inaodai sioni kama ni mambo ya stoo ya nyumbani.

Ukiwa dukani, au ukiagiza na kuletewa na basi kutoka Dar, angalia nini? Rangi na boksi havina maana. Shika kigurudumu ukitikise upande kwa upande ndani ya mfereji wake. Shika mikono uitikise kwenye pini zake. Angalia kama mpini utaingia kwenye kishika visu chako. Vingi vimetengenezwa kwa mashine kubwa kuliko zetu. Angalia upana wa mdomo, maana vingine havifiki hata milimita 20. Na uliza vigurudumu ni vya chuma gani. Vile vya chuma cha kasi, kinachotengenezewa biti nzuri za drili, vinadumu kuliko vilivyofanywa vigumu ngozi ya nje tu.

Changu kilikuwa cha bei ya chini na kila kitu kilicheza. Sikukirudisha, kwa sababu mwili wake ulikuwa mnene na mzuri, na ulegevu wote ulikuwa sehemu ambazo naweza kuzitengeneza mwenyewe. Hapo ndipo ninaposimama mpaka leo kuhusu vifaa vya namna hii: chukua mwili mzito wa bei nafuu, kisha fanyia kazi pini, mifereji na bolti.

Nilianza na pini za vigurudumu. Zilikuwa laini kama msumari, na tupa ilizila bila shida. Kipenyo chake kilikuwa milimita 5.8 wakati tundu la kigurudumu ni 6 kamili. Kigurudumu kinachocheza kiasi hicho hakiwezi kurudi kwenye mstari wake kila kinapozunguka. Nilikuwa na biti ya drili ya milimita 6 iliyovunjika. Nikaijaribu shina lake kwa tupa, tupa ikateleza tu, ishara kwamba ni gumu. Si kila biti iko hivyo, nyingine shina ni laini kwa makusudi, kwa hiyo lijaribu kwanza. Nikalikata kwa grainda vipande viwili, nakata kidogo nachovya kwenye maji, nakata tena, ili lisipoteze ugumu kwa moto. Nikalainisha ncha kwa jiwe. Zikaingia kwenye vigurudumu kwa kusukumwa na kidole gumba zikiwa na tone la oili, na ukiinua kigurudumu pembeni hausikii mlio wowote.

Mifereji ilikuwa mipana kuliko vigurudumu. Hapo nilitumia majani ya fila geji ya zamani, yale ya kupimia nafasi za valvu. Nilichagua la milimita 0.2, nikakata washa ndogo za mviringo kwa mkasi wa bati na kuzitoboa. Washa moja kila upande. Kigurudumu kikabaki kinazunguka kwa uhuru lakini hakiyumbi. Kazi hii ilinichukua jioni mbili kwa sababu washa nyembamba namna hiyo inapinda kwa kuiangalia tu, na lazima uinyooshe juu ya kioo.

Mikono niliitoboa upya, nikapitisha rima ya kusawazisha matundu, nikaweka bushi za shaba nilizokereza kutoka kwenye bushi kuukuu ya pampu. Hili halina maelezo mengi.

Bolti ya kukazia ilikuwa ya M8 na nati yake ilikuwa kitufe kidogo cha kushika kwa vidole. Kwa alumini kinatosha. Kwa chuma, vidole vinauma kabla meno hayajazama. Nikakiondoa nikaweka nati ndefu ya pembe sita inayokubali spana 13. Faida haikuwa nguvu peke yake. Uzi wa M8 unasogea milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kila upande wa nati unaopita mbele yangu ni kama milimita 0.2. Sasa najua nimekaza kiasi gani, na kesho naweza kukaza hivyo hivyo.

Kisha kuna mkao wenyewe. Pini za vigurudumu viwili na katikati ya nondo lazima zisimame kwenye mstari mmoja wa wima. Mtu wa Mwanza anaelewa hili bila kuchorewa: yale mawe yetu yaliyopandana mlimani yamekaa miaka yote hiyo kwa sababu uzito wa jiwe la juu unapita katikati ya jiwe la chini. Vigurudumu visipofika kwenye mstari huo, vinabana nondo mbele ya katikati, na nondo inavitema nje kama mbegu ya chungwa unayoibana kwa vidole viwili. Mimi nasogeza sleji mpaka nione pini zimefika juu ya katikati, nakaza kidogo, nazungusha chaki, yaani zile taya zinazoshika nondo, kwa mkono, naangalia kama kifaa kinataka kurudi. Kikitulia, naifunga sleji isitembee.

Nikadhani nimemaliza. Nikafunga nondo mpya ya milimita 25, nikatia senta, ncha ya kuegemeza nondo, kwenye kichwa cha nyuma, nikabana, nikawasha. Hakuna mtetemo, sauti safi kabisa. Nikazima, nikafuta oili. Almasi zilikuwepo, lakini ndogo kuliko zinavyopaswa, zimejaa mistari ya ziada kama kitambaa kilichoshonwa mara mbili.

Ndipo nilipokaa kitako na kijana anayejifunza kwangu tukahesabu. Tulitia alama ya maka peni kwenye jino moja, tukapita jino kwa jino kwa ncha ya sindano. Meno 54. Tukarudia, 54. Kipenyo cha kigurudumu, juu ya meno, milimita 20 kamili.

Hesabu yake haihitaji hata pai. Kigurudumu cha milimita 20 kinabeba meno 54, basi kila jino linadai milimita 0.37 za kipenyo. Nondo ya milimita 25, ukiigawanya kwa hatua hiyo, inabeba meno 67 na nusu. Nusu! Nondo inapomaliza mzunguko wa kwanza na kuanza wa pili, jino linaanguka katikati kabisa ya mashimo mawili ya mwanzo. Nilikuwa nimechagua, bila kujua, kipenyo kibaya kuliko vyote vilivyo karibu. Mzee aliliona hilo kwa ukucha wake dirishani.

Boksi la vigurudumu lilikuwa limeandikwa milimita 1, na mtu anaweza kuchukua hiyo 1 akaipigia hesabu ya mzingo. Itampoteza. Ile milimita 1 imepimwa kwa pembe mraba na meno, nayo meno yameinama nyuzi 30. Ukipima kuzunguka, ambako ndiko nondo inakotembea, umbali kutoka jino hadi jino ni karibu milimita 1.16. Ndiyo maana nasema hesabu meno, pima kigurudumu, gawanya. Kigurudumu chenyewe hakidanganyi.

Nikaikereza nondo hadi 24.81, ambayo ni meno 67 kamili. Nikabana, nikawasha mashine taratibu, mizunguko kama 80 kwa dakika. Nikaiacha izunguke mara mbili, nikazima. Tuliinama wote wawili. Mistari ilikuwa moja moja, wazi, na kijana alipopitisha ukucha ulisema *trrr* kama zipu.

Wapo mafundi wanaosema kipenyo hakina maana yoyote, kinachotakiwa ni kubana kwa nguvu tangu mwanzo, kigurudumu kitajitafutia njia. Nimefanya majaribio ya kutosha kukubali kwamba wana sehemu ya ukweli. Jino likizama kwa kina tangu mzunguko wa kwanza, linashikwa na shimo lake na kuvutwa mahali pake, hata kipenyo kikiwa na kasoro ndogo. Ukianza kwa woga, kwa kugusa gusa, unachora mistari myepesi isiyoweza kulishika jino, na kila mzunguko unaongeza mingine. Kwa hiyo mimi hufanya yote mawili: nakereza hadi kipenyo kinachokubali, kisha naanza na nusu tu ya upana wa kigurudumu ikiwa juu ya chuma, ili nguvu ile ile ikusanyike mahali padogo na jino lizame mara moja. Kwenye mashine dhaifu hesabu inakupunguzia nguvu unayohitaji. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema haina maana.

Oili usiione uchungu. Vumbi la chuma linalobanduka likibaki juu ya kazi, kigurudumu kinalikandamiza tena ndani na uso unakuwa na vipele. Namwaga oili kwa kopo na kusugua vigurudumu kwa mswaki wakati wote. Oili iwe safi. Oili chafu ya injini ni ya bure lakini inakuja na uchafu wake. Kwa alumini natumia mafuta ya taa. Na kifaa kinapotembea kufuata urefu wa nondo, usikisimamishe wakati nondo inazunguka, hata kwa sekunde chache, kwani hapo utaacha pete inayoonekana. Siku moja umeme ulikatika nikiwa nusu ya mshiko. Sikulegeza kitu. Niliacha vigurudumu vimekaa kwenye mashimo yake, umeme uliporudi baada ya saa moja na ushee nikaendelea, na pale niliposimama hapaonekani.

Mshiko wa mzee wa Kayenze niliufanya kwa alumini, kipenyo 24.81, urefu milimita 120, na uzi ndani wa kuingia kwenye bomba lake. Baada ya nalingi kipenyo kilikuwa 25.2, maana chuma kilichokandamizwa kimepanda. Ukipanga kitu kiingie kwenye tundu, likumbuke hilo mapema. Nilikuwa na furaha nao. Meno yalisimama makali, yanang'aa, ukikamata unahisi umekamatwa wewe.

Alirudi baada ya wiki mbili, mshiko ukiwa bado kwenye bomba. Safari hii pia alinyoosha kiganja. Chini ya vidole, pale penye sugu, palikuwa pekundu, na sehemu moja ngozi ilikuwa imebanduka.

"Haunikimbii tena," akasema. "Lakini unanila."

Nilikuwa nimepima kipenyo, hatua, nati na pini, na sikuwa nimeupima mshiko kwa saa nane za usiku ndani ya kiganja kilicholainika kwa maji. Ngozi iliyolowa inachubuka upesi. Almasi iliyochongoka hadi ncha ni nzuri kwa kitufe unachokizungusha mara moja na kukiacha, siyo kwa kitu unachokishikilia mpaka alfajiri.

Tuliuchomoa palepale, nikaurudisha kwenye chaki. Nikapitisha tupa laini juu yake ukizunguka, mara tano hivi, kisha msasa uliochakaa wenye oili. Kila almasi ikapata uwanja mdogo bapa juu, kama kilele kilichokatwa, lakini mashimo katikati yakabaki na kina chake, na maji na utelezi vinapitia humo. Nikapima tena: 25.0. Mzee akauchovya kwenye ndoo ya maji ya sabuni ninayonawia, akaukamata, akaupindisha kulia na kushoto kama anakata wimbi. Akauchovya tena. Hakusema kitu mpaka alipouvuta mkono wake kwa nguvu na ukagoma kutoka.

"Hapo," akasema. Akaomba wa pili, wa mdogo wake.

Ukutani juu ya swichi nimeandika kwa maka peni vipenyo vya nondo vinavyokubaliana na vigurudumu hivi vya meno 54: 15.93, 17.78, 19.63, 20.00, 24.81. Chini yake kijana ameongeza kwa mwandiko wake: tupa mara tano.